Ras Mkumbi: Mnara wa Taa, Msitu na Mkeka

(Mada iliyowasilishwa na mchungaji katika semina ya maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Utangulizi

Kamati ya Jubilei ilinipa swali fupi: Wajerumani walituachia nini? Mtu akiulizwa swali hilo ndani ya usharika wa Kilutheri, ulimi wake hukimbilia vituo vya misheni. Atataja Mlalo katika Usambara, mwaka 1891. Atataja Kisarawe, mwaka 1892, mahali palipokuwa makimbilio ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Atataja Maneromango, mwaka 1895. Hayo yote ni kweli, nayo yana sura zake katika kitabu hiki.

Mimi nimeona vema nilijibu swali hilo kwa kuwachukua hadi mahali ambapo alama ya Wajerumani inayokumbukwa si kanisa wala shule. Ni mnara wa taa. Mahali penyewe ni Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Mafia. Baadhi yenu mmepata kufanya kazi Mafia katika afya, elimu na kilimo, nanyi mnapajua. Wengine mnalisikia jina hilo leo kwa mara ya kwanza.

Sababu ya kuchagua mahali hapo ni hii. Katika historia ya usharika tumezoea kuiona kazi ya wageni kupitia upendo tulio nao kwa Kanisa letu. Upendo huo ni mwema, lakini nyakati nyingine hutuzuia kuuliza maswali ya kawaida: nani aliamuru, nani alibeba mzigo, nani alifaidika, na kipi kilibaki baada ya mgeni kuondoka? Ras Mkumbi inaturuhusu kuyauliza maswali hayo bila woga. Tukiisha kuyauliza huko, tutarudi nayo nyumbani.

Mahali penyewe

Kisiwa kikuu cha Mafia kina urefu wa kilometa zipatazo 50. Mji wa Kilindoni uko upande wa kusini-magharibi. Msafiri anayeelekea kaskazini hupita Kirongwe na Kanga, kisha hufika Bweni, na mbele ya Bweni ndipo ilipo rasi. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mchanga na minazi. Kadiri mtu anavyoikaribia ncha, udongo huwa haba, mwamba wa matumbawe ya kale hujitokeza, na minazi huupisha msitu wa pwani wenye miti mifupi na vichaka vilivyosongamana.

Upande wa magharibi uko Mlango wa Mafia, bahari ya kina kifupi yenye mafungu na miamba, na ng'ambo yake ni delta ya Rufiji. Upande wa mashariki ni bahari kuu. Chombo kinachotoka Unguja au Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi hufika mahali ambapo nahodha hana budi kuamua: apite ndani, kati ya kisiwa na bara, au apite nje kwenye maji makuu. Akikosea usiku, mwamba hausamehe. Manahodha wetu wa majahazi waliijua njia hiyo kwa nyota, kwa rangi ya maji, na kwa majira ya kusi na kaskazi, karne nyingi kabla ya mnara wowote. Magofu ya Kisimani Mafia na ya Kua katika kisiwa cha Juani yanashuhudia kwamba huko palikuwa na miji na biashara tangu zamani. Mjerumani hakukuta pori lisilo na watu.

Mkataba, bendera na taa

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa maeneo mengi ya Afrika, na kati ya yaliyopatikana kwa Ujerumani ulikuwamo mwambao wetu pamoja na Mafia. Sultani wa Zanzibar, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala huko, alilipwa mark milioni 4. Watu wa Mafia, wenye mashamba, wavuvi na watumwa, hawakuulizwa. Walilala chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine.

Serikali mpya iliweka makao yake katika kisiwa kidogo cha Chole, ambako magofu ya boma lake yamedumu. Mwaka 1913 makao yalihamishiwa Kilindoni, kwa kuwa huko palikuwa na maji ya kina yanayofaa meli za moshi. Lakini mapema zaidi, mwaka 1892, mnara wa taa ulikuwa umekwisha kusimamishwa Ras Mkumbi. Tafakarini mfuatano huo. Miaka miwili tu baada ya mkataba, kabla ya mengi ambayo serikali ile ingejisifia, taa ilikuwa mahali pake. Serikali ya kikoloni iliishi kwa meli. Askari, barua, ushuru na bidhaa vyote vilipita baharini, na meli iliyopanda mwambani ilikuwa hasara kubwa.

Nilipofika huko, nilimwuliza mzee mmoja wa Bweni ni nani aliyeujenga mnara ule. Akanijibu, "Mjerumani." Nikamwuliza tena, "Na mawe, mzee wangu, nani aliyabeba?" Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto, akasema, "Mchungaji, Mjerumani angebeba mwenyewe?"

Jibu hilo nimeliweka moyoni, kwa sababu majibu yote mawili ni ya kweli, na vitabu vingi huandika lile la kwanza peke yake.

Tuongeze jambo moja kuhusu ujenzi wa zama zile. Nyumba za mawe za mwambao wetu, tangu misikiti ya kale hadi maboma ya Wajerumani, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, moto ukiwaka hadi jiwe ligeuke unga. Kwa hiyo kila ukuta mweupe unaouona pwani ulianzia msituni. Kabla fundi hajashika mwiko, mtu fulani alikuwa amekwisha kushika shoka.

Msitu ng'ambo ya maji

Hapo ndipo tunapofika kwenye msitu. Ukisimama upande wa magharibi wa Mafia, mbele yako, ng'ambo ya Mlango, uko msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya aina hiyo katika Tanzania. Watu wa pwani huijua miti yake kwa majina na kwa kazi zake. Mkoko na msinzi hutoa boriti na kuni. Magome ya mkandaa hutoa rangi na dawa ya kulainishia ngozi. Mchu na mkomafi hufaa katika kuunda vyombo. Majahazi yalikuwa yakichukua boriti hizo kwenda Unguja na hata Uarabuni, ambako miti ya kuezekea nyumba ni adimu.

Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliutangaza msitu wa delta kuwa hifadhi. Yako mambo mawili ya kusema juu ya tendo hilo, na mtu mwaminifu huyasema yote mawili. La kwanza, hifadhi hiyo ilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za misitu katika nchi yetu, na kuendelea kuwapo kwa mikoko hiyo kuna uhusiano na sheria zilizoanzia hapo. La pili, kuanzia siku hiyo mtu aliyekata boriti ambayo baba yake aliikata bila kuuliza mtu alihitaji ruhusa. Mwaka uleule kodi ya nyumba ilianza kutozwa. Mwananchi akajikuta amebanwa pande mbili: msitu uliompa kipato umefungwa, na nyumba anayolala inadaiwa. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda kufanya kazi ya mwenye amri. Haishangazi kwamba miaka 7 baadaye, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilizuka katika vilima vya Wamatumbi, si mbali na delta hiyo.

Ndani ya delta, mahali paitwapo Salale, Wajerumani waliweka kituo cha misitu. Hicho kilikuwa kijiji chao kidogo cha msituni: maofisa wachache, na watu wengi wa kukata, kumenya magome, kupima na kupakia.

Naomba tukilinganishe na kijiji kingine, ambacho wenzetu wa Usambara wanakijua vizuri zaidi. Huko Shume, juu ya milima, kampuni ya Wilkins & Wiese ilianzisha makazi ya wapasua mbao yaliyopewa jina la Neu-Hornow, maana yake Hornow Mpya, kwa ukumbusho wa kijiji cha Ujerumani. Walichokitafuta ni mtarakwa, mti wa jamii ya mwerezi, wenye mbao nyekundu zinukiazo vizuri, zilizofaa hata kutengenezea penseli. Mlima ni mkali mno kwa barabara ya magogo. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikajenga njia ya kamba za chuma, yenye urefu wa kilometa zipatazo 9, kutoka juu kabisa hadi stesheni ya reli ya Mkumbara bondeni. Mbao zilining'inia hewani, zikapita juu ya makorongo, zikafika kwenye behewa na kwenda Tanga. Wahandisi wa zama zile waliistaajabia kazi hiyo, na ilistahili kustaajabiwa.

Lakini viko wapi leo vijiji hivyo viwili? Vita vya mwaka 1914 vilikuja. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikakimbilia kujificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye maji ya Salale. Mikoko iliyokuwa ikipimwa kwa ajili ya boriti ikawa pazia la kufichia mizinga. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakakifanya kisiwa hicho kituo cha ndege zilizoruka juu ya delta kuitafuta meli hiyo na kuongoza shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili ndogo, Severn na Mersey, ziliimaliza Königsberg. Baada ya vita mali za Wajerumani zilitwaliwa. Salale haikurudi kuwa kile kituo. Njia ya kamba ya Neu-Hornow imekwisha, na jina lenyewe limefutika midomoni mwa watu. Waulize wenyeji nao watakuambia Shume, jina lililokuwapo kabla.

Nataka tuone tofauti kati ya vijiji hivi na Ras Mkumbi. Salale na Neu-Hornow vilijengwa kwa ajili ya kutoa kitu na kukipeleka mbali. Aliyekitaka kitu hicho alipoondoka, kijiji hakikuwa na sababu ya kuishi. Mnara wa Ras Mkumbi nao ulijengwa kwa faida ya mwenye meli, hilo halina ubishi. Hata hivyo taa ina tabia yake. Ikiwaka humwangazia pia mwenye ngalawa ambaye hakuwamo katika hesabu ya aliyeiwasha.

Mnazi na waliouhudumia

Anayelisikia jina la Mkumbi hukumbuka makumbi ya nazi, na huwezi kuizungumzia Mafia bila mnazi. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya minazi yalipandwa kisiwani na watu wenye asili ya Uarabuni na wa pwani yenyewe, na kazi ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Hilo ni neno zito, lakini haliepukiki. Oscar Baumann, mchunguzi kutoka Austria, alifika Mafia mwaka 1895 na kuandika kitabu juu yake mwaka uliofuata. Kisiwa alichokikuta kilikuwa kisiwa cha minazi na cha utumwa.

Je, Wajerumani waliufuta utumwa huo? Waliubana, hawakuufuta. Amri yao ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Maana yake mama aliyemzaa mtoto huru mwaka 1906 aliendelea kuwa mtumwa yeye mwenyewe. Ilipofika mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ulipofutwa kabisa kisheria katika Tanganyika. Kuna watu ambao mzee mwenye umri wangu aliwaona kwa macho akiwa mtoto, wakiwa wamezaliwa katika hali hiyo. Si mambo ya kale sana.

Mnazi haukimbizwi. Mnazi mrefu wa asili yetu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, nao huzaa kwa zaidi ya miaka 60. Kwa wastani hutoa karara moja kila mwezi, na kutoka ua hadi nazi iliyokomaa hupita mwaka mmoja. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: lugha yetu ina jina kwa kila hatua, kwa sababu kila hatua ina mtu anayeihudumia. Yuko mkwezi, anayehatarisha kiuno chake. Yuko mfua nazi, anayesimama mbele ya kifuo tangu alfajiri. Wako wanaoanika mbata na kuigeuza juani. Wako wanawake wanaozika makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota usumba kuwa kamba. Makuti huezeka nyumba. Kifuu huwa upawa au mkaa. Hakuna kinachotupwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilihitaji mafuta ya mbata kwa sabuni na siagi ya mimea. Hapo bei ya jasho la mfua nazi ikaanza kuamuliwa katika miji asiyoijua. Bei ikipanda, hakuelezwa kwa nini. Ikishuka, hakuelezwa pia. Jambo hilo halikuondoka na Wajerumani, wala na Waingereza.

Wajerumani walirudi kwa namna nyingine. Mwaka 1979 nchi yetu, kwa msaada wa Ujerumani na Benki ya Dunia, ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, na kituo cha utafiti kikawekwa Mikocheni. Wataalamu walichunguza maradhi na wadudu. Walifundisha kwamba chonga, yule mdudu mweusi anayetoboa kilele cha mnazi, huzaliana katika magogo yaliyooza, na kwa hiyo shamba safi ndilo dawa ya kwanza. Walithibitisha pia kwamba chungu wanaoitwa majimoto, ambao mkwezi huwalaani wanapomng'ata, huulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka na kuviangusha. Nimefurahi kuitaja habari hii, kwa sababu inatuonyesha kwamba mgeni yuleyule aliyewahi kuja na amri anaweza kuja na swali. Aliyekuja na swali alijifunza kutoka kwa chungu na kutoka kwa mkwezi.

Mkeka wa Bweni

Nakuja sasa kwenye jambo dogo kwa wengi, lakini kwangu ni kubwa kuliko mnara. Wanawake wa Bweni, kijiji kilicho jirani na rasi, wanajulikana kwa mikeka mizuri ya ukindu. Mkindu ni mtende wa mwituni unaopenda mahali penye maji. Msukaji huenda kukata makuti machanga, na lazima ajue kukata, maana akikiumiza kilele hovyo mkindu hudumaa. Huyaanika hadi yawe meupe, huyachana nyuzi nyembamba, na nyingine huzichemsha katika rangi. Kisha husuka ukili, utepe mrefu wa vidole kadhaa, akizungumza na wenzake au akimtazama mtoto, mikono ikienda yenyewe. Tepe zikitimia hushonwa pamoja, na mkeka mmoja hukamilika baada ya majuma mengi.

Kazi hiyo haikuanzishwa kwa mkataba. Haikutangazwa katika gazeti la serikali. Hakuna kampuni ya Leipzig iliyoijengea njia ya kamba. Sultani alipokuwapo walisuka. Mjerumani alipokuja walisuka. Mwingereza alipomfukuza Mjerumani walisuka. Bendera ya Tanganyika ilipopandishwa mwaka 1961 walikuwa wanasuka. Imedumu kwa sababu mbili. Ujuzi wake ulikuwa mikononi mwa watu wa mahali pale, na mama alimrithisha binti. Tena, waliutumia msitu kwa namna iliyouacha msitu uendelee kuwapo.

Nimesema mwanzoni kwamba tutauliza kipi kilibaki. Katika kaskazini ya Mafia, mnara wa mawe umebaki na kazi ya mkeka imebaki. Mnara umo katika ramani za mabaharia tangu zamani. Msukaji hayumo katika kitabu chochote kwa jina lake.

Kitabu chetu

Sasa, ndugu washarika, turudi nyumbani. Rasimu ya sura ya kwanza ya kitabu cha Jubilei imepita mezani kwangu. Ni kazi nzuri, na naishukuru Kamati. Lakini nimeona ndani yake sentensi isemayo kwamba kanisa letu la kwanza lilijengwa na wamisionari. Majina yao yameandikwa kwa ukamilifu, pamoja na miaka ya kuzaliwa kwao na miji walikotoka. Wengine wote wameitwa "wenyeji". Nimesikia sauti ya yule mzee wa Bweni: Mjerumani angebeba mwenyewe?

Sisemi hivyo kwa kuwadharau wamisionari. Wengi wao waliacha nyumba zao, wakaugua homa, na makaburi yao yako miongoni mwetu. Lakini historia ya Kanisa, kama tulivyofundishwa chuoni, ni historia ya watu wa Mungu wote. Aidha, mwanzo wa misheni ya pwani ulifungamana na mwanzo wa utawala wa Kijerumani. Jumuiya iliyotuma wamisionari wa kwanza Dar es Salaam iliundwa Berlin mwaka 1886, katika joto lilelile la kutafuta makoloni. Tukilificha hilo, vijana wetu watalisoma kwingine, na watatuuliza kwa nini hatukuwaambia. Afadhali walisome kwetu, wakisoma pia jinsi Neno lilivyopokelewa na kusambazwa na watu ambao hawakutumwa na serikali yoyote.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa Kamati, na nayatamka mbele ya Baba Askofu ili yasisahaulike.

La kwanza, kitabu kisiende kiwandani kabla hakijapata orodha ya majina ya waliofyatua matofali, waliobeba mawe, waliochoma chokaa, waliopika, waliofundisha katekesimu vijijini bila mshahara. Wazee wachache wanaoyakumbuka majina hayo bado wapo pamoja nasi. Baadhi yao wamo humu ndani leo. Kalamu iwafuate nyumbani juma hili hili. Kuchelewa kwa uchapaji kunaweza kurekebishwa. Mzee akiisha kuzikwa, orodha yake imezikwa naye.

La pili, kiandikwe kifungu juu ya ardhi na miti. Boriti za kanisa letu la kwanza zilikatwa wapi? Ardhi ilitolewa na nani, na kwa makubaliano gani? Usharika unaojua ulichokipokea kutoka msituni utakuwa na haya ya kukata bila kupanda. Napendekeza kila mtaa upande miti 100 katika mwaka wa Jubilei, na jina la mtunzaji liandikwe, kwa sababu mti usio na mtunzaji hufa kiangazi cha kwanza.

La tatu, wanawake wapewe sura yao. Kabla ya mabenchi watu walikaa juu ya mikeka. Nani aliisuka? Kabla ya bomba maji ya ubatizo yalichotwa. Nani aliyachota? Idara ya Wanawake isiachiwe ukurasa wa picha za mwishoni, watu wakiwa wamesimama katika vitenge. Iulizwe nayo iandike, kwa maneno yake yenyewe.

Hitimisho

Swali lilikuwa: Wajerumani walituachia nini? Jibu langu ni kwamba walituachia vitu ambavyo babu na bibi zetu walivifanya kwa mikono yao chini ya amri, kwa ujira mdogo au bila ujira. Walituachia pia baadhi ya mambo mema ambayo tungekuwa watovu wa shukrani kuyakana. Kilichodumu ni kile ambacho watu wa mahali walikishika kikawa chao: mnazi, ukili, na kwetu sisi, imani ambayo kwa miaka 100 imehubiriwa kwa lugha zetu na watu wetu.

Hivyo basi, watakaokuja kuadhimisha miaka 200 ya usharika huu watakifungua kitabu chetu kutafuta ni nani aliyebeba mawe. Uwezo wa kuwajibu tunao sisi, na muda wetu ni mfupi. Nawasihi, twendeni tukawaulize wazee.

Mungu aubariki usharika wetu, na awabariki watu wa Ras Mkumbi, wanaoishi karibu na taa.